Jinsi ya kupima mchango wa mtafiti wa bayosensa, hatua kwa hatua

Kila msimu wa kujaza fomu za kupandishwa cheo, maswali ni yale yale. "Kwa nini Google Scholar inanipa fahirisi h ya 14 na Scopus inanipa 9?" "Fahirisi h nzuri kwa mkemia ni ngapi?" "Jarida langu lina impakti fakta kubwa, naiandika wapi?" (Fahirisi h hupima makala za mtu na jinsi zilivyonukuliwa na wengine; impakti fakta hupima nukuu za jarida.) Wajumbe wa kamati nao wana lao. Wamewekewa mezani majalada mawili, mmoja anatengeneza elektrodi za kupima sukari kwenye damu, mwingine anapima metali nzito kwenye maji ya visima, na wanatakiwa waseme nani amechangia zaidi.

Mwongozo huu ni kwa wote hao. Umejikita kwenye bayosensa na kemia ya uchanganuzi kwa sababu eneo hili lina tabia zake, na asiyezijua hupotoshwa na tarakimu mchana kweupe. Nadharia ni hii tu: bayosensa ni kifaa kinachounganisha kitu cha kibiolojia chenye uwezo wa kutambua (kimeng'enya, kingamwili, DNA) na sehemu inayogeuza utambuzi huo kuwa ishara ya kupimika, mara nyingi umeme, mwanga au rangi. Kwa hiyo swali la msingi kuhusu mtafiti wa fani hii ni moja: je, kuna mtu mwingine, nje ya maabara yake, anayepima kitu kwa njia yake?

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kompyuta yenye intaneti, na Excel au programu yoyote ya majedwali.
- Wasifu wa mtafiti wenye orodha ya machapisho aliyoiandaa mwenyewe. Usianze bila hii.
- Namba yake ya ORCID, yaani namba ya kipekee ya kumtambulisha mtafiti. Hutolewa bure tangu 2012. Kama hana, ajisajili leo, haichukui muda.
- Kanzidata za machapisho na nukuu: Google Scholar, OpenAlex na Lens.org, zote bure. Scopus na Web of Science hulipiwa, hivyo muulize mkutubi wa chuo kama mna usajili.
- Muda wa kutosha. Hatua ya 6 ndiyo inayokula muda, na ndiyo ambayo watu wengi huiruka.

Hatua ya 1: Andika unachotaka kujua

Sentensi moja, juu kabisa ya jedwali lako. Kupandisha cheo, kutoa ruzuku, kuchagua msimamizi wa tasnifu na kutafuta mshirika wa kutengeneza kifaa ni mambo manne tofauti, na kila moja linahitaji ushahidi wake. Anayefaa kusimamia wanafunzi si lazima awe ndiye mwenye hataza (haki ya kisheria ya uvumbuzi).

Hatua ya 2: Hakikisha ni mtu yuleyule

Joseph Wang wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, ni mmoja wa wanakemia wanaonukuliwa sana kwenye bayosensa za elektrokemia. Andika "J. Wang" kwenye kisanduku cha kutafutia uone. Utamiminiwa makala za umati wa watu wasiohusiana, kwa kuwa Wang ni miongoni mwa majina ya ukoo yaliyoenea zaidi China.

Kwetu tatizo linakuja kwa mlango mwingine. Mtu ana jina lake, la baba na la babu. Makala ya kwanza kaandika la baba mwishoni, ya pili la babu, ya tatu kaweka herufi za mwanzo tu. Mtafiti mwingine kaolewa akabadili jina katikati ya kazi. Kanzidata humgawa mtu mmoja kuwa watatu, na fahirisi yake inashuka bila yeye kujua.

Fanya hivi: tafuta kwa ORCID kwanza, kisha kwa kila namna jina lake lilivyowahi kuandikwa. Oanisha na chuo alichokuwa mwaka huo na majina ya waandishi wenzake. Ukipata wasifu wa Scopus uliogawanyika, mtafiti mwenyewe anaweza kuomba uunganishwe, bila malipo.

Hatua ya 3: Tengeneza orodha moja safi

Weka safu hizi kwenye jedwali: mwaka, kichwa cha makala, jarida, DOI (namba ya kudumu ya makala mtandaoni), nafasi ya mtafiti kwenye orodha ya waandishi, aina ya makala, idadi ya nukuu, na tarehe uliyoichukua idadi hiyo. Tarehe usiisahau kamwe, kwa sababu nukuu huongezeka kila wiki na mtu atakayehakiki baada ya miezi mitatu atakuta idadi nyingine.

Ondoa nakala zinazojirudia. Makala iliyowekwa kwanza ChemRxiv, tovuti ya rasimu za makala za kemia, kisha ikatoka jaridani ni kazi moja. DOI mbili zisikuhadae, vichwa vyake vitakuonyesha.

Hakiki pia kama kuna makala iliyoondolewa na jarida baada ya kuchapishwa. Kanzidata ya Retraction Watch iko wazi kwa umma kupitia Crossref, shirika linalosajili DOI, tangu 2023. Makala iliyoondolewa huendelea kunukuliwa na watu wasio na habari, kwa hiyo idadi ya nukuu peke yake haitakushtua.

*Tahadhari:* Usikusanye kazi za mtu kwa kutafuta neno "biosensor" peke yake. Makala inayotajwa kuwa chanzo cha fani hii yote ni ya Leland Clark na Champ Lyons ya mwaka 1962. Ndiyo iliyopendekeza kuweka kimeng'enya cha glukosi oksidesi kwenye elektrodi ili kupima sukari. Kichwa chake kinazungumzia mifumo ya elektrodi ya kumfuatilia mgonjwa mfululizo wakati wa upasuaji wa moyo na mishipa, na neno bayosensa halimo. Watafiti wengi wa kemia ya uchanganuzi wako hivyo hivyo hadi leo: kazi yao imejificha chini ya maneno kama elektrodi, kipimo, utambuzi, au jina la kile wanachokipima.

Hatua ya 4: Piga hesabu za msingi

Panga makala kuanzia yenye nukuu nyingi kwenda chache. Fahirisi h, iliyopendekezwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005, ni namba kubwa kuliko zote ambayo mtu ana makala idadi hiyo, kila moja ikiwa imenukuliwa angalau mara idadi hiyo. Tuseme mtafiti ana makala 8 zenye nukuu 61, 34, 20, 11, 6, 6, 3 na 0. Ya sita ina nukuu 6, inatosha. Ya saba ina 3, haitoshi. Fahirisi h yake ni 6. Jumla ya nukuu ni 141. Fahirisi i10 ya Google Scholar, yaani makala zenye nukuu 10 au zaidi, ni 4.

Chukua hesabu zote kutoka chanzo kimoja, kisha rudia kwenye chanzo cha pili uweke safu pembeni. Usichukue nukuu za makala moja Scopus na za nyingine Google Scholar ili jumla ipendeze. Mjumbe makini atagundua, na akishagundua hilo ataitilia shaka na orodha nzima.

Hatua ya 5: Tenga makala za mapitio

Hapa ndipo fani hii inapotofautiana na nyingine. Bayosensa ina makala nyingi mno za mapitio, zile zinazokusanya kazi za wengine, na hunukuliwa kuliko utafiti wa asili kwa sababu kila anayeandika utangulizi anahitaji kitu cha kutaja. Mapitio mazuri ni mchango wa kweli. Lakini ni mchango wa aina nyingine, na haufai kuchanganywa na kifaa kilichobuniwa.

Rudi kwenye mfano wetu. Tuseme ile yenye nukuu 61 ni mapitio. Ukiitoa, zinabaki nukuu 80 na fahirisi h inakuwa 5. Fahirisi imeshuka kwa moja tu, lakini karibu nusu ya nukuu zimeondoka. Andika hesabu zote mbili, pamoja na mapitio na bila mapitio. Makala za utafiti zilizobaki zigawe hivi:

- mbinu au kifaa kipya;
- kuboresha kifaa kilichopo, kwa mfano kubadilisha nanochembe juu ya elektrodi ile ile;
- kutumia mbinu kwenye sampuli halisi: damu, maziwa, mahindi, maji ya kisima;
- kazi ya ushirikiano ambayo mtafiti alifanya sehemu ndogo.

Kundi la pili ndilo kubwa zaidi kwa karibu kila mtu. La tatu ndilo ninaloliheshimu zaidi, na kwa bahati mbaya ndilo linalonukuliwa kidogo.

Hatua ya 6: Soma nukuu zenyewe

Chagua makala tatu au nne za utafiti zilizo muhimu zaidi kwa mtafiti. Kwa kila moja fungua makala kama ishirini zilizoinukuu, za miaka tofauti, uangalie imetajwa wapi na kwa kusudi gani. Utakutana na hali nne.

*Imetajwa kwenye kundi.* Sentensi ya utangulizi isemayo kwamba bayosensa zimevutia watafiti wengi, kisha mabano yenye marejeo kumi na matano. Hii inaonyesha kazi inafahamika, basi.

*Imo kwenye jedwali la kulinganisha.* Fungua karibu makala yoyote ya bayosensa, shuka hadi karibu na mwisho wa matokeo. Utakuta jedwali lenye safu za aina ya elektrodi, masafa ya kupimia, kikomo cha utambuzi (kiasi kidogo kabisa kinachoweza kugunduliwa) na rejeo. Mstari wa mwisho umeandikwa "kazi hii", na mara nyingi kikomo chake ndicho kidogo kuliko vyote. Mtafiti wako yuko mstari wa tatu au wa nne, kanukuliwa ili apitwe. Sehemu kubwa ya nukuu za fani hii hutoka kwenye majedwali haya. Ni nukuu halali, lakini hazithibitishi kwamba kuna aliyewahi kukitengeneza kile kifaa.

*Mbinu imetumika.* Tafuta kwenye sehemu ya mbinu na vifaa, penye maneno kama "tulifuata utaratibu wa". Hii ndiyo dhahabu. Mwaka 2007 kundi la George Whitesides wa Harvard lilionyesha kipande cha karatasi chenye vijia vilivyochorwa, kinachopima glukosi na protini kwenye mkojo kwa wakati mmoja. Maabara za nchi nyingi, zikiwemo zisizo na fedha za mashine kubwa, zilianza kutengeneza vipimo vyao vya karatasi. Nukuu moja ya namna hii naipa uzito kuliko kumi za utangulizi.

*Imepingwa au kusahihishwa.* Soma kwa makini. Kupingwa si aibu, kwa maana kuna mtu alijali vya kutosha hata akarudia kazi. Lakini kama maabara kadhaa zimeshindwa kupata matokeo yale, kamati inapaswa kujua.

Hesabu ngapi zimeangukia wapi, uandike. Toa zile ambazo mtafiti kajinukuu mwenyewe, au weka safu yake. Kujinukuu kidogo ni kawaida kwa mtu anayeendeleza kazi yake.

*Tahadhari kuhusu kikomo cha utambuzi:* Wengi huleta kikomo kidogo kama ushahidi wa mchango. Namba hiyo mara nyingi hupatikana kwa kuzidisha mkengeuko sanifu wa sampuli tupu kwa 3, kisha kugawanya kwa mteremko wa mstari wa kalibresheni, unaoonyesha ishara inavyobadilika kadiri kiasi kinavyoongezeka. Angalia ilipimwa ndani ya nini. Bafa safi, yaani mmumunyo ulioandaliwa maabara, haina mafuta ya maziwa wala protini za damu. Kama hakuna sampuli halisi kwenye makala, kikomo hicho kinasema machache sana.

Hatua ya 7: Linganisha na wanaolingana

Kadiri miaka inavyopita fahirisi h haishuki, hupanda tu au kusimama. Mtu wa miaka 25 kazini atamshinda wa miaka 6 bila kufanya lolote jipya. Linganisha watu walioanza kuchapisha miaka inayokaribiana, kwenye tawi moja.

Kuna vipimo vilivyosawazishwa kwa fani na mwaka. Scopus ina FWCI, ambapo 1 ni wastani wa dunia kwa makala za aina hiyo, fani hiyo na mwaka huo. OpenAlex inatoa kipimo cha namna hiyo bure. RCR, kipimo kingine cha aina hiyo kinachopatikana bure kwenye iCite ya taasisi ya afya ya Marekani, NIH, hufanya kazi kwa makala zilizomo PubMed tu, kanzidata ya tiba na biolojia. Kwa mtu wa vipimo vya damu itafaa, kwa anayepima viuatilifu kwenye udongo huenda nusu ya kazi zake zisionekane.

Na ile impakti fakta? Ni wastani wa nukuu za jarida zima. Si ya mtafiti, wala si ya makala yake. Ndani ya jarida moja kuna makala chache zilizonukuliwa sana na nyingi zilizonukuliwa kidogo. Azimio la San Francisco kuhusu tathmini ya utafiti, lililotokana na mkutano wa 2012, linasema waziwazi kigezo hiki kisitumike kumpima mtu. Kama fomu ya chuo inailazimisha, ijaze, kisha weka pembeni yake nukuu za makala yenyewe.

Hatua ya 8: Fuata kazi nje ya majarida

Mchango mkubwa kuliko yote kwenye bayosensa uko mifukoni mwa wagonjwa wa kisukari: kipimo cha sukari. Baada ya Clark na Lyons mwaka 1962, Updike na Hicks walionyesha elektrodi yenye kimeng'enya inayofanya kazi mwaka 1967. Kampuni ya Yellow Springs Instrument ya Ohio iliingiza mashine ya kupima sukari sokoni mwaka 1975. Mwaka 1984 watafiti wa Cranfield na Oxford walichapisha njia ya kutumia ferosini, kampaundi yenye chuma, kubeba elektroni badala ya kutegemea oksijeni, na kufikia 1987 MediSense ilikuwa inauza ExacTech, kipimo cha sukari chenye umbo la kalamu. Aliyempima Clark mwaka 1965 kwa kigezo cha kipimo cha sukari kilichoko sokoni angeandika sifuri. Kwa hiyo uangalie pia kazi iliyoko njiani.

Utafute nini, na wapi?

*Hataza.* Lens.org inaonyesha makala zilizotajwa ndani ya hataza. Google Patents na Espacenet zitakupa hataza za mtafiti mwenyewe. Tofautisha ombi na hataza iliyotolewa, na hataza iliyotolewa na ile inayotumiwa na mtu.

*Viwango na maabara za umma.* Chukua sumukuvu, hasa aflatoksini, sumu ya kuvu kwenye nafaka. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya waliugua watu 317 na 125 wakafariki kwa mahindi yenye sumu hiyo. Kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mahindi ni mikrogramu 10 kwa kilo kwa aflatoksini zote, na 5 kwa aina ya B1. Kipimo kinachomfaa mwenye mashine ya kusaga ni kile kinachotoa jibu la kuaminika karibu na kiwango hicho, ndani ya unga wenyewe, mikononi mwa mtu asiye mkemia. Kifaa chenye kikomo kidogo mara elfu lakini kinachohitaji fundi wa elektrokemia hakijamfikia. Basi uliza: kuna maabara ya serikali, shirika la viwango, kiwanda au hospitali inayotumia njia ya mtafiti huyu? Omba barua inayoeleza wanapima nini, tangu lini, na sampuli kiasi gani.

*Watu.* Wanafunzi aliowasimamia wako wapi sasa? Anayeendesha maabara ya ubora wa maji mkoani ni mchango ambao hakuna kanzidata itakayouonyesha.

Hatua ya 9: Andika ukurasa mmoja

Anza na maelezo ya mchango kwa maneno ya kawaida, sentensi tatu hadi tano. Kisha makala nne bora na sababu, mgawanyo wa nukuu kutoka hatua ya 6, ushahidi wa nje ya majarida, na mwisho tarakimu pamoja na chanzo na tarehe. Tarakimu zikitangulia, msomaji huishia hapo.

Ukikwama

*Google Scholar inatoa namba kubwa kuliko Scopus.* Ni kawaida. Google Scholar huhesabu pia tasnifu na ripoti, na Scopus huhesabu majarida, vitabu na makala za mikutano ilizozichagua tu. Ripoti zote mbili, kila moja na jina lake.

*Wasifu wa Google Scholar una makala za mtu mwingine.* Mtafiti aingie mwenyewe, azifute, kisha azime nyongeza za moja kwa moja ili kila makala mpya isubiri kwanza aithibitishe.

*Makala za majarida ya nchini hazionekani Scopus.* Zitafute OpenAlex na Google Scholar. Kama hazipo kabisa, ziorodheshe kwa mkono na kiungo au nakala ya PDF. Kutokuwepo Scopus si ushahidi wa ubovu, ila hakikisha jarida lina wahariri wa kweli na uhakiki wa kweli.

*Mtafiti ni mchanga, nukuu ni chache.* Usilazimishe fahirisi h. Tumia hatua ya 5 na ya 8, na tazama kama makala yake ina data na utaratibu vilivyoelezwa kiasi kwamba mwingine anaweza kurudia kazi.

*Makala moja ina nukuu nyingi kupita zote na mtafiti ni jina la kumi na saba.* Muulize alifanya nini hasa. Majarida mengi siku hizi huchapisha tamko la mchango wa kila mwandishi mwishoni mwa makala. Lisome kabla ya kumuuliza.

*Hataza haionekani kwa jina lake.* Tafuta kwa jina la chuo au kampuni, kwani mmiliki mara nyingi ni mwajiri. Jina la mtafiti litakuwa kwenye safu ya wavumbuzi.